Naomba ushauri: mwanangu hawezi ngano, na Ramadhani inakaribia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa akiharisha na kukonda, tukampa dawa za minyoo wee, hamna nafuu. Mwisho kipimo cha damu na kinyama kilichotolewa utumboni vikaonesha siliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na nafaka za jamii yake, inaumiza utumbo. Dawa hakuna, ni kuacha gluteni maisha yake yote: yaani nafaka za ngano, shayiri na rai.

Nyumbani si tabu. Wali, muhogo, mbatata, vitumbua, mkate wa kumimina, vyote anakula. Tabu ni nje. Urojo mimi nikidhani ni embe na ndimu tu, kumbe hukorogewa unga wa ngano! Bajia za dengu nazo hukaangwa mafuta yaleyale ya sambusa. Hata mashine ninayosagia mchele, watu husagia ngano humohumo, na chembe kidogo tu inamdhuru.

Bibi yake anasema kipande cha chapati hakiui. Nimwambieje mama mkwe bila ya kumvunjia heshima? Na mkate wa mofa wa mtama mtupu mnaushikisha vipi? Futari za majirani je, nizirudishe?