Tupeane uzoefu: Mchezo wa kuunganisha matunda, ulifikaje kwenye tikiti maji?

Mwanzishaji, Umoja

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa masimulizi yetu kuhusu mchezo wa kuunganisha matunda, ule ambao unaangusha matunda ndani ya boksi, na cheri mbili zikigusana huwa stroberi moja, stroberi mbili huwa zabibu, na ngazi huendelea kupanda hadi pichi, nanasi, tikiti na mwishowe tikiti maji. Mchezo wa asili ulitengenezwa Japani, ambako neno suika maana yake ni tikiti maji. Ulianza mwaka 2021 ukiwa ndani ya projekta ya nyumbani, ukaingia kwenye mashine ya michezo ya Nintendo Switch Desemba mwaka huohuo, na ulienea duniani mwaka 2023 baada ya watu kurusha video zao wakiucheza. Wengi wetu tunacheza nakala za simu, kwa hiyo mpangilio wa matunda unaweza kutofautiana kidogo.

Naanza mimi. Kila jioni matatu yetu hukwama Jogoo Road, hapa Nairobi, na kwa muda wa miezi miwili nilicheza nikiangusha tunda popote nilipoona nafasi. Nanasi nilikuwa nalipata, lakini tikiti maji sikuwahi kuliona hata mara moja, kwa sababu kila mara kulikuwa na cheri iliyonaswa chini ya pichi, ambayo sikuweza kuifikia tena hadi matunda yakavuka mstari wa juu na mchezo ukaisha. Siku moja mvua ilinyesha sana, magari yakasimama karibu saa nzima, ndipo nikatambua jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani: mchezo huu hauna saa. Hakuna anayekuharakisha. Nikaanza kuangalia tunda linalofuata kabla ya kuangusha nililo nalo, nikaweka kubwa kuliko yote kwenye kona ya kushoto, na mengine nikayapanga kwa ukubwa kuelekea kulia. Zabibu mbili zilipoungana zikawa chenza, chenza hiyo ikakuta mwenzake ubavuni, na matunda yakaendelea kuungana yenyewe hadi kwenye kona. Tikiti maji langu la kwanza lilitokea tukiwa karibu na City Stadium. Nilimwonyesha mama aliyeketi kando yangu, mtu nisiyemjua kabisa, naye akaniambia, "Hongera, mwanangu."

Ninyi wenzangu, mlifikaje? Na ni nini kilichowazuia kwa muda mrefu zaidi?

Mchangiaji wa Kasarani

Asante, dada. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mchezo huu niliupeleka darasani. Katika mpangilio wa asili kuna matunda 11, yaani kutoka cheri hadi tikiti maji kuna hatua 10 za kuunganisha. Anza na cheri moja, uongeze maradufu mara 10, utafika 1,024. Hiyo ndiyo idadi ya cheri zilizomo ndani ya tikiti maji moja. Ni kweli kwamba mchezo hukupa kuangusha aina tano za kwanza, si cheri pekee, lakini hata ungekuwa unapewa lile la tano tu kila mara, ungehitaji 64. Wanafunzi wangu hawakuamini mpaka walipoandika wenyewe ubaoni. Tangu siku hiyo, ninapoona chenza mbili zimetenganishwa na pea, najua kwamba zinakula nafasi ya matunda mawili wakati zingeweza kuwa moja, nami huzishughulikia hizo kwanza.

Mchangiaji wa Marikiti

Mimi nauza matunda, na kazi yangu ndiyo iliyonipotosha. Tunapopanga mzigo, kubwa na zito hukaa chini, jepesi juu, basi nami nikawa naliweka nanasi langu katikati ya boksi ili lishike yote. Hilo ni kosa. Tunda kubwa likikaa katikati huwa kama kilima: stroberi moja inaviringika upande huu, ya pili upande ule, na hazikutani kamwe. Tangu nilipohamishia kubwa kwenye kona, kama alivyosema dada wa Umoja, nimepata tikiti maji mara nne.

Jambo lingine, angalieni sana lile tunda la tano, persimoni, lenye rangi ya chungwa iliyokoza. Sijawahi kuliuza, na wateja niliowaonyesha wanadhani ni nyanya. Watu wengi hulichanganya na chenza, wakayaweka pamoja wakisubiri yaungane.

Mchangiaji wa Githurai

Nilikuwa na tikiti maji moja na tikiti mbili zilizobakiza upana wa cheri kugusana. Nilikuwa nimekaa dirishani, dirisha likiwa wazi, matatu ikasimama kwenye foleni, mkono ukaingia na simu ikaenda. Niliumia kwa simu, na kusema kweli niliumia pia kwa zile tikiti mbili. Tafadhali, wapendwa, chezeni mkiwa mmefunga dirisha, au kaeni upande wa ndani.

Mwanzishaji, Umoja

Pole sana, ndugu yangu. Hilo la dirisha sikulitaja, na lilipaswa kuwa la kwanza kabisa.

Mchangiaji wa Kayole

Nyanya yangu aliletwa mjini kwa matibabu, na siku ndefu za kusubiri zilimchosha. Nilimfundisha mchezo huu. Hasomi Kiingereza, lakini hakuhitaji kusoma chochote. Alitaja kila tunda kwa jina, na alilolikosea jina alilipa jina lake mwenyewe. Vidole vyake vinatetemeka, hivyo huchukua muda kulenga, na labda ndiyo maana hucheza vizuri kuliko mimi. Juzi alifanikiwa kukutanisha matikiti maji mawili, yakatoweka yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini vitu vilivyotafutwa kwa jasho vipotee hivyo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mchangiaji wa Marikiti

Mwambie nyanya kwamba yameuzwa, na nafasi iliyobaki ni ya mzigo mpya.

Mchangiaji wa Kayole

Nimemwambia. Amecheka, akauliza bei, na sasa simu iko kwake.