Kufungua kalipa mafuta ya breki yasimwagike: mti wa pedali, kubana mpira au kuziba?

MtuWaWete: Assalaam alaykum jamani. Nna IST, kalipa (kile kibanio cha pedi za breki) ya mbele kulia inavuja, mpira wa pistoni ushakufa. Kit ya mipira mipya naagiza Unguja, kwa hiyo gari italala juu ya jeki mpaka meli ije, na sitaki kikopo cha mafuta ya breki kikauke. Fundi mmoja anataka kubana mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, kwa plaisi ya kujifunga, mwengine anasema pedali itegwe mti. Nimsikilize nani?

Gereji_Mkwerekwe: Waalaykum salaam. Wa mti. Pedali ikishuka kidogo, pistoni ya masta silinda (pampu kuu ya breki) inapita kile kitundu kinacholeta mafuta kutoka kikopo, njia inafungika. Yatachuruzika ya kwenye paipu tu. Lakini usikanyage kila kitu kikiwa kimefungwa, ukija kulegeza bolti inayoshika mpira kwenye kalipa mafuta yatakurukia usoni. Fungua kwanza nipeli ya kutolea upepo ya kalipa, tia kipaipu kwenye chupa, mwenzio akanyage taratibu kama inchi moja na nusu, ndo utege mti baina ya pedali na kiti. Na gari ikae juu ya stendi, jeki si ya kulalia.

DerevaWaNoah: Na taa za breki? Pedali ikiwa chini zinawaka usiku kucha.

Gereji_Mkwerekwe: Ahsante, hilo sikulisema. Atoe waya wa hasi wa betri.

Spana14_Chake: Mti sawa, ila kwa gari kongwe nauogopa. Pedali miaka yote inatembea pale pale juu. Ukiipeleka chini sana, mipira ya masta silinda inapita penye kutu na uchafu, inachanika, sasa una kazi mbili. Mimi naziba mdomo wa mpira wa breki wenyewe: vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kimoja juu ya lile jicho (pete ya mwisho wa mpira inapopita bolti) kimoja chini, napitisha bolti na nati, nakaza. Bolti yake ya asili haifai, ina tundu katikati. Tafuta nyengine nzima ya unene huo.

DerevaWaNoah: Hiyo plaisi mkatalie kabisa. Meno yake yanapasua tabaka la ndani, nje mpira unauona mzima. Kile kipande kilichopasuka kinageuka vali: ukikanyaga breki inashika, ukiachia haiachii. Kama lazima kubana, kuna vibanio vya midomo laini vya kazi hiyo.

MamaProbox: Nilisikia mtu anatia nailoni chini ya mfuniko wa kikopo. Inafaa?

Spana14_Chake: Inapunguza, kwa sababu hewa haiingii juu na mafuta hayashuki upesi. Kwa kazi ya saa moja sawa, kwa kulala hapana. Na hiyo nailoni utaipata wapi, mifuko yenyewe marufuku! Labda ya kufunikia daftari za watoto.

Gereji_Mkwerekwe: Kwa gari inayolala, fanya vyote: mti na bolti ya Spana14. Mti unalinda kikopo tu, mdomo wa mpira unabaki wazi, na mafuta ya breki yanakunywa unyevu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishalowana kiwango chake ni 140. Kwa hewa yetu hii ya bahari, mkebe uliofunguliwa tangu Ramadhani usiutie. Na kikopo kikikauka kwenye gari ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), hewa ikiingia kwenye pampu yake, kuitoa pengine ni mpaka mashine ya kompyuta.

MtuWaWete: Nimefahamu. Mti na bolti. Kuna tone lishaangukia bodi, rangi itaharibika?

MamaProbox: Mwagia maji sasa hivi, mengi, usisugue.

Spana14_Chake: Kabla kit haijapakiwa, waambie watie na washa mbili za shaba za bolti ya mpira. Za zamani zishabonyea, zitavuja, na utangoja meli nyengine.