Dorothy Day aliwezaje kuuza gazeti senti moja miaka yote?

Msomaji_Kayole: Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Mimi ndio nashughulikia kijarida cha parokia yetu huku Eastlands, kurasa nane tu, tunauza sh20 baada ya misa ya pili, sasa kamati inataka kipande kiwe sh50 na ukurasa wa mbele wote uwe matangazo. Kwa jumuiya kuna mama alimtaja Dorothy Day, mwandishi Mkatoliki wa Marekani, ati gazeti lake aliliuza senti moja. Pesa ya kuchapa ilikuwa inatoka wapi? Na ni kweli alikuwa upande wa wakomunisti? Mkutano ni Jumapili, nisaidieni.

KatekistaBuru: Milele amina. Enyewe ni kweli, kabla ya kubatizwa aliandikia magazeti ya kisoshalisti huko New York na 1917 akakamatwa Washington na kufungwa pamoja na akina mama waliokuwa wanadai haki ya kura. Kanisani aliingia Desemba 1927, mwaka huo huo alimbatiza mtoto wake Tamar, na ilimuuma sana kwa sababu baba ya mtoto hakutaka kusikia mambo ya dini wakaachana. Sasa pesa, toleo la kwanza la gazeti lake, The Catholic Worker, lilikuwa nakala 2,500, kuchapa ilikuwa dola 57, alichanganya malipo ya makala zake na vidola alivyopewa na watu, bili za stima na gesi zikangoja. Tarehe 1 Mei 1933 wakaenda kuliuza Union Square, uwanja wa New York, katikati ya maandamano ya wakomunisti wenyewe! Mimi hapo ndipo nampenda, alipeleka gazeti kwa watu aliowajua, hakungoja watoke misa.

Mama_Umoja: Niongezee hapo. Yeye na Peter Maurin, mwenzake aliyeanzisha naye gazeti, waliandika kwamba Wakristo wafungue nyumba za kupokea wasio na makao, wenye njaa wakasoma wakaja kubisha mlango, ikabidi wapokewe. Baadaye pale Mott Street, New York, foleni ya kahawa na mkate asubuhi ilikuwa ya mamia ya watu, na anayekukatia mkate ndiye huyo huyo anaandika habari. Nimesoma kitabu cha Dorothy cha 1952, The Long Loneliness, nikakirudia. Kwa hiyo mhariri usianze na bei, anza na ni nani ameandikwa humo ndani, kwa sababu kijarida chetu huku kimejaa picha za wageni wa heshima tu na yule mama anayeuza mboga hapo getini hajawahi kuulizwa chochote.

Otis_South_B: Lakini mwambieni pia msimamo wake ulimgharimu. Nakala zilishapita laki moja, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vikaanza 1936 akakataa kuunga mkono upande wowote, halafu Vita vya Pili vya Dunia bado akasema hapana kwa vita, wasomaji wengi wakahama na parokia nyingine zikaacha kuchukua. Hakubadilisha neno. 1973 akiwa na miaka 75 alikamatwa California pamoja na wafanyakazi wa mashamba. Matangazo hakuwa nayo, ndio maana hakuna mtu angemfunga mdomo.

Msomaji_Kayole: Asanteni sana, hiyo ya matangazo sikuwa nimeiona hivyo. Kesho baada ya misa ya asubuhi naenda na daftari kwa mama mboga, nikipata habari yake nitaomba ukurasa wa mbele, bei ibaki sh20.