Naomba ushauri: kanuni za sarufi za GMAT hazinikai kichwani

Mwanagenzi: Wanajukwaa, nawasalimu. Najiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, na sarufi ya Kiingereza imenishinda. Kiima kikitenganishwa na kitenzi chake kwa maneno kumi, au kirai cha mwanzo wa sentensi kikiielekea nomino isiyohusika, nabaki kubahatisha. Nizikariri vipi kanuni hizi?

Mama Ripoti: Usikariri, mwanangu. Kata kwa penseli yote yaliyo kati ya kiima na kitenzi, kisha usome kilichobaki. Nilijifunza hivyo kazini, ambako mkubwa wangu alinirudishia kila ripoti ikiwa imejaa wino mwekundu, hata siku ile aliposahihisha barua yangu ya kuacha kazi.

Koma: Vijana hamsomi, ila mnataka kukariri.

Dodoso: Mtihani ni lini, na kitabu chako ni cha mwaka gani?

Mwanagenzi: Ni mwezi ujao.

Dodoso: Na kitabu?

Mwanagenzi: Ni cha 2018, nimeachiwa na kaka yangu. Nimemaliza sura tisa za sarufi na siwezi kukitupa sasa, kwani sarufi haibadiliki.

Dodoso: Mtihani ndio uliobadilika. Toleo lililoanza Novemba 2023 liliondoa insha pamoja na maswali ya kusahihisha sentensi. Sehemu ya lugha ina maswali 23 ya dakika 45, yote ya ufahamu na ya kupima hoja.

Mwanagenzi: Hilo nimepata kulisikia. Hata hivyo, ajuaye sarufi husoma sentensi ndefu bila kupotea, kwa hiyo sijapoteza muda.

Jicho Kali: Siiamini hadithi hii. Aliyejisajili atakosaje kujua anakwenda kuulizwa nini? Huyu ana shehena ya vitabu vya zamani na anapima soko.

Koma: Nauziwa kimoja? Mlango wangu haukai wazi.

Mwanagenzi: Siuzi kitu. Ukweli ni kwamba sijajisajili. Mwezi ujao ni tarehe niliyowatajia watu wa nyumbani. Sarufi inanishinda, lakini maswali ya hoja yananitisha zaidi, na sura zake sijazifungua.

Dodoso: Zifungue leo, maana hizo bado zinafaa hata katika kitabu hicho. Tafuta kwanza hitimisho la hoja, kisha ujiulize mwandishi amechukulia nini bila kukisema.

Jicho Kali: Atuwekee hapa swali la kwanza la sura hiyo, tujue kama kitabu kipo.