Tupeane uzoefu: kuzuiliwa bila kesi nchini Kenya, na ugumu wa kumwachilia mtu

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba tusimuliane, hasa sisi wenye jamaa waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 1997. Kukamata ni kazi ya usiku mmoja. Kuachilia ndiko kunakozishinda serikali. Hali ya Hatari ya wakoloni Waingereza, wakati wa vita vya Mau Mau, ilitangazwa Oktoba 1952 ikaondolewa Januari 1960, lakini Jomo Kenyatta, aliyemaliza kifungo chake 1959, aliendelea kuzuiliwa Lodwar na kisha Maralal hadi Agosti 1961. Renison, gavana wa kikoloni, alisita, na chama cha KANU, kilichoongoza katika uchaguzi wa 1961, kikakataa kuunda serikali mpaka mzee atoke. Kila mwezi wa kusita ulimwongezea uzito yule waliyetaka asahaulike.

Mtoto wa aliyezuiliwa
Baba yangu alichukuliwa katika miaka ya themanini. Katiba ilitaka apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku 5, na kweli alipewa: karatasi iliyosema kwamba alijihusisha na mambo ya kuhatarisha usalama, bila tarehe, bila mahali, wala jina la aliyemtaja. Utajitetea vipi dhidi ya maneno kama hayo? Jopo la kupitia kesi lilikaa faraghani, na ushauri wake haukuilazimu serikali. Barua zake zilitufikia zikiwa na mistari iliyozibwa kwa wino mweusi, hata pale alipokuwa akiulizia mvua. Kwamba ameachiliwa tulilisikia redioni, katika taarifa ya habari ya saa saba, kabla ya ofisa yeyote kutujulisha.

Karani mstaafu wa utawala
Niruhusiwe kueleza upande wa pili, ingawa siutetei. Faili za namna hiyo nilizibeba kutoka ofisi hadi ofisi. Aliyependekeza mtu azuiliwe hakuulizwa kitu, kwa kuwa nchi ikitulia utulivu huo ulihesabiwa kuwa matunda ya kazi yake. Aliyependekeza aachiliwe alijua kwamba fujo zikizuka kesho, sahihi yake ndiyo itakayotafutwa. Ndiyo maana pembeni mwa karatasi mtu alisoma yale yale: aendelee kuzuiliwa. Njia nyepesi ilikuwa kuwaachilia wote kwa pamoja, kama alivyofanya Rais Moi Desemba 1978, miezi michache baada ya kushika madaraka. Hapo ofisa habebi lawama, na sifa humwendea mkubwa. Sheria yenyewe ilibaki, na kufikia 1982 ilikuwa ikitumika tena.

Mchangiaji mwingine
Mzee karani amesema kweli, ila ameacha suala la afya. Kenneth Matiba, mwanasiasa aliyedai vyama vingi, alizuiliwa Julai 1990, siku chache kabla ya Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi uliopangwa Julai 7, akapatwa na kiharusi akiwa ndani, akaachiliwa 1991. Serikali inayoogopa mtu akiwa huru huogopa zaidi asije akafia mikononi mwake. Mjomba wangu naye alitolewa akiwa hajiwezi, na sisi tukaambiwa ni huruma. Ndugu uliyetusimulia habari za baba yako, je, aliachiliwa kwa masharti?

Mtoto wa aliyezuiliwa
Ndiyo. Alitakiwa kuripoti kwa chifu kila wiki na kutohutubia mkutano wowote. Wenye kazi waliogopa kumwajiri, ingawa hakuna barua iliyowakataza.