Tupeane uzoefu: mnaoishi kaskazini ya mbali, wenyeji wamewasimulia nini kuhusu "watu wa porini"?

Binti Pangani (Yellowknife, Kanada)
Wakuu, habari za huko. Naomba tuwekane sawa mapema: sitaki video zenye ukungu za Bigfoot, lile jitu la porini lenye manyoya. Nataka ulichoambiwa na mwenyeji, mdomo kwa sikio, au kilichokukuta mwenyewe. Naanza.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja Mdene (wenyeji wa asili wa huku), wa kabila la Tłı̨chǫ, ambaye hulala mapema majira yote isipokuwa kiangazi. Juni huku jua linazama kidogo tu na giza halishiki. Kipindi hicho anataka dirisha lifungwe na pazia livutwe hata kama joto linamchosha. Nilidhani ni mwanga unaomsumbua. Siku moja akaniambia ni nàhgą, mtu wa porini. Kwa Kiingereza wanamwita bushman. Majira ya baridi hana habari naye. Ni barafu ikishayeyuka na watu wakienda kambini kuvua ndipo nàhgą anapoanza kuzungukazunguka. Anarusha kijiti au kokoto kwenye hema, anapiga mluzi, na akipata mwanya anabeba mwanamke au mtoto.

Nikamuuliza, ana manyoya? Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. Ni mtu, akasema. Kinachotisha ni hicho hicho, kwamba ni mtu ila hana kwao.

Wapo wanaosema chanzo ni kumbukumbu za wavamizi wa zamani waliokuwa wakija kiangazi kuteka wanawake. Inaingia akilini. Lakini bibi sikumwambia, na pazia navuta.

Dereva wa Barafu
Dada Pangani umenikumbusha mbali. Mimi nimeendesha semi kwenye barabara ya barafu inayopanda kwenye migodi ya almasi kaskazini ya hapo Yellowknife. Kwa asiyejua: sehemu kubwa ya njia ni juu ya maziwa yaliyoganda, na ukiwa na mzigo mwendo mahali pengi ni kilomita 25 kwa saa tu, maana ukikimbia unasukuma wimbi la maji chini ya barafu na inapasuka. Sasa piga hesabu ya usiku mzima kwa mwendo huo, nje baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Utaona watu. Nimeona mzee kasimama kando ya njia ananipungia mkono. Kufika, ni msonobari mfupi umebeba theluji. Kila dereva ana wake.

Ila kuna jambo moja. Tulisimama kupumzika, taa za kaskazini zinacheza kijani juu yetu, nami kwa furaha nikaanza kupiga mluzi. Mwenzangu Mdene akanikatiza pale pale: hapana, ukizipigia mluzi zinashuka kukufuata. Nikacheka, maana bibi yangu Korogwe alinichapa kwa kosa hilo hilo, kupiga mluzi usiku. Yeye alisema naita nyoka.

Mushi wa Surrey
Huku British Columbia Sasquatch, yaani huyo huyo Bigfoot, ni biashara. Nendeni Harrison Hot Springs mkaone: sanamu, fulana, mpaka hifadhi ya mkoa imepewa jina lake, na sherehe zake zilianza 1938. Lakini Wasts'ailes, wenyeji wa asili wa hapo ambao ndio wenye hadithi, hawamzungumzii kama mnyama wa kuwindwa. Kwao ni mlinzi wa ardhi, anaingia na kutoka ulimwengu wa roho, na kumwona ni heri. Anayekwenda na kamera na mtego wa nyama wanamshangaa tu.

Kuhusu nyayo: dubu akitembea, mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele. Unapata unyayo mmoja mrefu kama wa mtu, na theluji ikiyeyuka kidogo unapanuka. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Papa Uvira (Alaska)
Miye niko Anchorage, lakini nilitumika msimu moja wa samaki kusini-mashariki, kwa Watlingit. Wale wako na kushtaka, mtu-fisi maji (fisi maji ni yule munyama wa maji anakulaka samaki, Kizungu otter). Mtu akizama ao akipotea, ye anakuja na sura ya ndugu yako, anakuita. Ukimufuata, unakuwa mumoja wao. Anaogopa mbwa, moto na chuma.

Usiku moja, nyuma ya kiwanda, nikasikia mtoto analia. Analia kweli, na kukata pumzi katikati. Nikashuka kwenye ngazi. Rafiki yangu Mtlingit akanikamata kwa koti, hakusema kitu, akanirudisha mpaka kwenye taa. Asubuhi wengine wakanicheka: ni nungunungu, wa huku wanaliaka kama mtoto. Ye hakucheka. Na kule chini ya ngazi, maji yalikuwa yamepanda.

Kuna pia Portlock, kijiji ya kiwanda ya samaki mwisho wa rasi ya Kenai. Watu waliondoka, posta ikafungwa 1950. Bengine banasema ni nantiinaq, jitu ya porini ya kule, aliwafukuza. Bengine banasema kazi iliisha tu. Miye nimeona vijiji mingi vinakufa juu ya kazi kuisha.

Binti Pangani
Papa Uvira, hilo la kukata pumzi katikati limenisisimua mwili. Kumbe mluzi na sauti ndivyo vinavyojirudia kwenye hadithi zote, kuliko hata sura. Wa Whitehorse na Iqaluit, zamu yenu.

Mama Wawili
Nipo Fort Smith, msomaji wa kimya miaka yote. Wanangu wamezaliwa huku. Shuleni wameshasimuliwa bushman, mimi bado sijawasimulia zimwi. Juzi mdogo kaniuliza wakikutana nani atamkimbia mwenzake. Nimemwambia Jumapili tukimpigia bibi yake Muheza amuulize yeye, zimwi analijua vizuri.