S-250 ya jeshi au trela la kawaida kwa kituo cha redio ya ridhaa?

mlingoti_ohio: Wakuu habari. Niko Ohio, kuna mnada wa mali za jeshi nimeona S-250, kile kibanda cha aluminiamu walichokuwa wanakipakia nyuma ya pikapu za CUCV na redio zao ndani. Kitupu ni kilo 350 hivi. Nataka nikigeuze kituo cha kutembea nacho, Field Day ya Juni (ile wikendi waredio wa ridhaa wanarusha wakiwa uwanjani) inikute nimejipanga, redio moja ya wati 100, betri ya litiamu ya Ah 100, kameza kadogo basi. Wife anasema si ununue trela la boksi uvute tu. Nani ana uzoefu?

dx_usiku: Trela mkuu. Kwenye S-250 husimami wima, nilikaa kwa jamaa yangu masaa matatu nikatoka nimepinda kama ndoana. Na trela unaliacha uwanjani, gari inabaki huru unaenda kufuata msosi, sasa kibanda ukishakipandisha kukishusha ni mpaka uombe folklifti ya watu.

fundi_kaptula: Mwambie na faida basi. Kile kimezibwa mpaka mlangoni, mawimbi hayapiti kirahisi, hupati kelele kwenye redio.

dx_usiku: Antena si iko nje? Kelele za jenereta itazidaka vilevile. Kinachobaki ndani ni uchafu wa laptopu na chaja zako, hilo nakubali, na si dogo.

mitaHamsini: Mi ninacho mwaka wa tatu sasa. Sahau urefu na kelele, adui ni maji. Ukuta ni bati mbili za aluminiamu katikati povu, na wanajeshi wametoboa matundu kila mahali, mvua ikiingia humo haitoki. Cha kwangu niligongagonga na sarafu ukuta mzima, inalia kavu kavu, nafika kona ya chini karibu na mlango ikalia dududu kama boga. Nikang'oa riveti moja, yakatoka maji ya kahawia karibu nusu kikombe, na ilikuwa imepita wiki bila mvua aisee. Nilikata bati ile pale, nikachimba povu lote. Kwa hiyo nenda na sarafu mfukoni. Na usitoboe tundu jipya hata moja, waya za antena pitisha kwenye ile paneli yake ya kuingilia, ndo kazi yake.

stima_na_mawimbi: Na rangi jamani, hiyo ya kijani ya jeshi ni CARC, rangi ya kustahimili kemikali za vita, usipige msasa mkavu bila maski ya maana, vumbi lake linaua mapafu. Kwani S-280, kile kibanda kikubwa zaidi, hukuiona? Ndani unasimama.

fundi_kaptula: S-280 inataka lori la tani mbili na nusu, mafuta atalipa nani?

mlingoti_ohio: Nimetoka kukiona leo. Paa zima, pembeni zima, ila kona ya kulia chini inalia boga kabisa, jamaa wa mnada akawa ananiangalia na sarafu yangu kama mganga. Nimeweka bei ya chini kabisa, nikikikosa poa, trela lenyewe nimeshaoneshwa moja hapa jirani.

dx_usiku: Tuma picha ya hilo trela.